Nyama ya Kulungu Isikataliwe kwa Kelele

Ukurasa huu umezoea mambo ya arusi, vyakula, mavazi na maneno ya wazee wetu, na huenda msomaji akauliza kulungu wa Marekani wametujia vipi. Jibu ni kwamba watoto wetu wako huko. Katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, wanaishi Waislamu wengi waliotoka Afrika Mashariki. Wasomali ndio wengi wao, wamo na Wabarawa, na wana wa mwambao wetu nao hawakosi. Wanasali, wanaoana, wanafanya maulidi, na wanapopika hualikana. Mahali palipo na mwaliko hapakosi maneno, na maneno ya safari hii yamevuka bahari yakatufikia hapa barazani Mombasa kabla wali haujapoa.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja, mjukuu wa watu tunaowajua, alitoka kuwinda mara yake ya kwanza, mwanzoni mwa Januari, msimu ukielekea mwisho. Alitumia gobori, yaani bunduki ile ya kujaza baruti na risasi kwa mdomoni, kwani Ohio huweka siku chache za gobori mwezi huo. Jioni jua likichwa alimpiga jike mmoja, akiwa ametaja jina la Mwenyezi Mungu. Mnyama akakimbia. Akamtafuta kwa tochi akifuata damu juu ya theluji, damu ikakatika, baridi ikazidi, akarudi nyumbani. Alfajiri alirudi na mwenzake, wakamkuta amekufa kwenye mabua ya mahindi, mwendo wa hatua kama mia tatu, hakuguswa na mbweha wala ndege. Wakampasua, wakamchukua. Siku ya pili ikapikwa biriani, wakaitwa watu. Sahani zimekwisha kutandazwa, mzee mmoja akauliza nyama ni ya nini na imepatikanaje. Alipoelezwa akasimama, akasema kwa sauti ya kusikiwa hata jikoni, "Hii ni nyamafu!" Watu wakanawa mikono. Mama wa kijana akalia.

Baraza letu limegawanyika mafungu mawili tangu habari hiyo ifike. Fungu moja lasema mzee amesema haki na kijana amelisha watu mzoga. La pili lasema mzee hajui kitu, mradi Bismillahi imesomwa basi yamekwisha. Kwa maoni yangu mafungu yote mawili yamekosea, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tumjue mnyama mwenyewe, maana nusu ya ugomvi wetu ni watu kuhukumu wasichokijua.

Twamwita kulungu kwa kukosa jina lake. Kulungu wetu wa vichakani ni wa jamaa ya swala na paa: pembe zake ni za maisha, hazianguki. Huyu wa Marekani, anayeitwa kwao kwa mkia wake mweupe anaouinua kama bendera akishtuka, ni wa jamaa nyingine kabisa, jamaa ambayo haina hata mmoja wa asili katika Afrika kusini ya Sahara. Dume huota pembe zenye matawi kila mwaka, na kila mwaka zikaanguka. Hata hivyo anacheua, ana kwato zilizopasuka, anakula majani, nafaka na matunda ya miti. Kuhusu uhalali wa mnyama mwenyewe hakuna shaka wala mjadala. Wanaosema "si katika wanyama wetu" wasituletee desturi ya ulimi mahali pa sheria.

Wala asidhani mtu kwamba kijana huyu ameua mnyama adimu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamekaribia kwisha nchini Marekani kwa kuwindwa ovyo na kuuzwa sokoni. Ohio kufikia mwaka 1904 walikuwa wametoweka kabisa. Wakarudishwa kwa amri, kwa ulinzi na kwa kupunguza mikono ya wawindaji. Leo wanakisiwa nchini kote kuwa kama milioni 30, na Ohio peke yake katika miaka ya karibuni wawindaji wamekuwa wakipata zaidi ya laki mbili kila msimu, na bado hawaishi. Mbwa-mwitu na simba wa milimani waliokuwa wakiwapunguza walimalizwa zamani katika majimbo hayo. Asiyepigwa na mwindaji hupigwa na gari barabarani, au hufa njaa kipupwe kikiwa kikali, au humaliza soya ya mkulima. Na mwindaji analipa: tangu mwaka 1937 sheria ya Marekani hutoza ushuru wa asilimia 11 juu ya bunduki ndefu na risasi zake, na fedha hizo hurudi kuwatunza wanyama na misitu.

Haya ni mageni kwetu, na si ajabu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mtu wa makamo hapa pwani hajapata kuona uwindaji wa halali ya serikali. Akisikia "mwindaji" akilini mwake huja jangili na pembe ya ndovu. Kabla ya hapo palikuwa na Wawata, walioishi kwa upinde wao mkubwa na mshale wa sumu upande wa Tsavo, nao katika miaka ya 1950 walikamatwa na kufungwa huku matajiri wenye leseni wakiendelea kupiga picha na vichwa vya wanyama. Hivyo uwindaji umebaki machoni petu kuwa ama uhalifu ama mchezo wa wakubwa. Kule Ohio ni jambo la mtu wa kawaida, fundi wa magari au dereva wa lori: ahudhurie masomo ya usalama, akate leseni na kibali, avae koti la rangi ya chungwa kali ili wenzake wasimdhanie mnyama, na akipata aripoti alichopata. Sioni aibu yoyote kwa kijana wa Kiislamu kuwamo humo. Kitabu chetu kimeruhusu mawindo waziwazi katika sura ya Al-Maida, isipokuwa kwa aliye katika ihramu, na maswahaba walikuwamo wawindaji mashuhuri.

Sasa tuje kwenye wakati wenyewe, kwa sababu mwisho wa msimu ndio ulioleta matata haya. Mgeni wa kazi hii hudhani kuwa mwisho ni wakati rahisi, watu wamepungua porini. Kumbe sivyo. Novemba ndio wakati wa kulungu kupandana, na dume wakati huo hupumbaa, hutembea mchana akifuata majike, hata mwanafunzi humpata. Januari ujinga huo umekwisha. Kulungu aliyebaki hai amekwisha sikia milio ya bunduki kwa majuma, amewakimbia watu mara nyingi, na majani ya miti yameanguka, kwa hiyo aliyekaa juu ya dungu lake mtini anaonekana kama kunguru juu ya mlingoti. Rangi ya chungwa haimsumbui sana mnyama, kwani macho yake hayaibagui vizuri. Mjongeo ndio unaomsaliti mtu, na zaidi ya mjongeo, harufu. Upepo ukikupitia mgongoni kumwendea, rudi nyumbani ukanywe chai.

Lakini Januari ina mlango wake mmoja, nao ni njaa. Baridi ikikaza mnyama hupunguza mwendo ili asipoteze mafuta yake, hulala mahali pa kukinga upepo, kisha jioni huenda kula. Palipobaki mahindi au soya shambani, au matunda ya mwaloni chini ya theluji, hapo atakuja, na atakuja saa ile ile jua linapotua. Basi aliye mvumilivu hukaa karibu na chakula, upepo ukimpiga usoni, akangoja. Saa tatu au nne za kukaa kimya kwenye barafu, bila kukohoa, bila kutikisa mguu! Vijana wetu wasioweza kungoja daladala dakika kumi wajaribu.

Na hapa pana jambo ambalo wasiokuwa Waislamu hawalifikirii. Mwanzoni mwa Januari jua la Columbus huchomoza karibu saa mbili za asubuhi na kutua saa kumi na moja na robo hivi. Sheria yaruhusu kupiga tangu nusu saa kabla ya kuchomoza hadi nusu saa baada ya kutua. Asubuhi hakuna shida, Alfajiri husaliwa nyumbani na wakati bado upo. Jioni ndiyo mtihani, maana wakati bora wa kulungu kutokea ni ule ule Maghribi inapoingia, nao ni mfupi. Kijana wetu alipiga jua limetua, giza likamkuta katikati ya kufuata damu, akasali juu ya theluji na kuendelea. Katika hilo simlaumu, namsifu. Ninapomlaumu ni kwamba alipiga dakika za mwisho za mwanga, akiwa mara yake ya kwanza, na hakuwa na hakika ya mahali risasi itakapoingia. Mwanga ulipofifia alipaswa kushuka mtini na kuacha. Mnyama aliyepigwa vibaya hufa kwa mateso, na ihsani katika kuua tumeamrishwa kama tulivyoamrishwa kunoa kisu. Mwanafunzi hapigi mnyama anayetembea wala aliyempa mgongo. Hungoja asimame ubavu, alenge nyuma kidogo ya bega, kwenye mapafu na moyo. Hapo mnyama huanguka karibu na habari za tochi hazipo.

Basi nyama ile ilikuwa nyamafu? Fungu la kwanza barazani lasema ndiyo, na lina pa kushika, si vema kulicheka. Kuna mambo mawili, na watu wanayachanganya.

La kwanza ni risasi. Adi bin Hatim, mwana wa yule Hatim maarufu kwa ukarimu, alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kuwinda kwa kijiti cha kurusha. Akafundishwa kuwa kikichoma kwa makali yake ni halali, na kikimpiga mnyama kwa ubapa akafa kwa kishindo basi huyo ni sawa na aliyekufa kwa kupigwa, na hao wametajwa miongoni mwa walioharimishwa. Risasi haina makali. Je, inachoma au inaponda? Wanazuoni wakubwa walihitilafiana tangu baruti ilipoenea. Ibn Abidin wa Damascus, Mhanafi, aliona risasi yaua kwa nguvu ya kishindo na kwa kuunguza, akaikataza. Ash-Shawkani wa Yemen akaona yatoboa na kupenya mwilini kupita mshale, akaihalalisha. Wawili hawa waliishi zama moja na wote wawili walifariki katika miaka ya 1830. Wanazuoni wa Kimaliki wa baadaye walielekea kwenye kuruhusu. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na wengi wa wanazuoni wa Kishafii walikuwa wakali: aliyekufa kwa risasi haliwi, ila akiwahiwa yu hai akachinjwa. Wengi wa wanazuoni wa siku hizi wanaruhusu. Basi hiyo ni hitilafu ya kale baina ya watu wa elimu.

La pili ni kutoweka. Mnyama alipotea usiku mzima akapatikana maiti. Waliosoma Minhaj ya Imamu Nawawi wanajua kuwa kauli iliyotiliwa nguvu humo ni ya kuharimisha, kwa sababu huenda sababu nyingine ndiyo iliyomwua. Lakini Imamu huyo huyo katika vitabu vyake vingine aliona kuwa dalili ya kuhalalisha ndiyo yenye nguvu, kwani hadithi za kumruhusu mwindaji aliyempata mnyama wake baadaye, asione ila alama ya mshale wake mwenyewe, ni sahihi. Na wote wanakubaliana juu ya ile hali ya jeraha lililommaliza pale pale kabla hajatoweka. Kwa hivyo swali ambalo mzee yule angepaswa kuuliza ni hili: risasi iliingia wapi? Kwenye mapafu, au tumboni? Mnyama aliyepigwa mapafu hukimbia kwa pumzi aliyokuwa nayo na huanguka upesi, na kijana aliyempasua anajua alichokiona ndani. Hakuulizwa. Je, alikuwa kwenye maji? Hapana, maana aliyepatikana majini huachwa, haijulikani kama ni maji au mshale uliomwua. Aliliwa na mnyama mwingine? Hapana. Hayo yote hayakuulizwa, ikatoka hukumu kavu ya neno moja.

Basi nasema mzee alikuwa na haki ya kutokula. Mshafii aliyeshika kauli ya wazee wake hana budi kuheshimiwa, na angeweza kula wali na kachumbari, akanyamaza, akamwita kijana pembeni baada ya kunawa. Hana haki ya kusema "nyamafu" mbele ya watu kana kwamba umma wote umekubaliana. Neno hilo limemgusa mama aliyesimama jikoni tangu alfajiri, na kijana ambaye sasa, kwa habari tulizonazo, hataki tena kuonekana msikitini akikutana na watu wale. Tumepoteza nini na tumepata nini? Tuna vijana wangapi kule ambao hula kuku wa kukaangwa wa mahoteli bila hata kuuliza nani aliyemchinja, wala hakuna mzee anayesimama? Huyu aliyetaja jina la Mola wake, akasali kwenye barafu, akabeba mawindo mgongoni, ndiye tuliyemwona wa kumfedhehi.

Na fungu la pili nalo lisichekelee. Bismillahi peke yake haimalizi kazi. Kwanza, kwetu sisi Mashafii kuitaja ni suna iliyokokotezwa, si sharti. Wenzetu Mahanafi ndio walioifanya sharti kwa anayekumbuka. Masharti yaliyobaki, ya silaha na ya namna ya kufa, ndiyo mazito. Pili, wenyeji walikuwa na wajibu wa kuwaambia wageni kabla ya sahani kuja: hii ni nyama ya mawindo, imepigwa kwa risasi, imepatikana asubuhi. Mgeni hafichwi anachokula. Mtu anayeogopa kusema amepika nini amekwisha jishuku mwenyewe.

Kwa hao vijana wa Ohio, na wa Minnesota na kwingineko wanaotamani kumfuata, rai yangu ni upinde. Kule msimu wa mishale ni mrefu, Ohio huanza mwishoni mwa Septemba na kwenda hadi mwanzoni mwa Februari, na upinde wa siku hizi wa makapi, wenye chembe za chuma zenye makali kama wembe, hauachi nafasi ya hitilafu ya risasi. Unachoma na kukata, na Mshafii mwenye msimamo mkali kabisa atakula. Una mashaka yake: lazima umsogelee mnyama hatua 30 au chini ya hapo, na lazima umepiga shabaha miezi mingi nyuma ya nyumba. Afadhali mashaka hayo kuliko kumpiga mnyama kwa mbali ukasali istikhara. Na kisu kikali kiwe kiunoni daima, kwa maana ukimkuta yu hai bado, kuchinja ni wajibu wako, wala hapana tena maneno ya mshale.

Jambo moja la Januari sitaki kulificha, kwa kuwa kijana alimwambia shangazi yake na likamkosesha usingizi. Majike wengi mwezi huo wana mimba. Walipandwa Novemba, huzaa mwishoni mwa Mei au Juni, basi anayempasua jike huenda akakuta kijusi kidogo, cha majuma saba au manane. Kisheria kijusi humfuata mama yake, hakuna dhambi. Lakini moyo nao ni kitu. Anayeona uzito, ampige yule wa mwaka mmoja asiyekua bado, au awinde Oktoba kabla mambo hayo hayajaanza. Hata madume mwishoni mwa msimu ni shida kuwatambua, kwa sababu wengine wamekwisha dondosha pembe zao.

Kadhalika kuna ugonjwa unaowala ubongo kulungu, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967 na kufika kwa kulungu wa porini wa Ohio mwaka 2020. Haijathibitika kuwa umempata binadamu yeyote, lakini madaktari wanashauri nyama ya mnyama aliyeonekana kuwa nao isiliwe. Pale ulipo ugonjwa huo, kichwa hupelekwa kupimwa, na mpishi angoje majibu. Risasi ya madini laini nayo hupasuka vipande vidogo visivyoonekana ndani ya nyama. Wanaoshikilia bunduki wanunue za shaba, na sehemu iliyozunguka jeraha ikatwe itupwe, hasa kama kuna watoto mezani.

Mama yake kijana ameuliza kwa simu namna ya kupika iliyobaki barafuni, maana biriani ile ilikuwa ngumu. Nyama hiyo haina mafuta, haitaki moto mkali wala haitaki haraka. Ilazwe usiku mzima kwenye maziwa lala, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi kidogo lililosagwa, ipikwe polepole kwa samli, na nazi itiwe mwisho. Paja lafaa mshikaki ukikatwa mwembamba na kutolewa motoni ingali na maji yake. Na safari hii mzee aalikwe tena, aambiwe mapema ni nyama gani na imepatikanaje, na apikiwe samaki wake pembeni.